Mazoezi ya Nchi Kavu, Ghala

Siku ya mwanzo niliyoingia ukumbi wa barafu nilivaa abaya mbili, moja juu ya nyengine, na bado meno yalikuwa yakigongana. Nje Maskati inachoma kama kawaida yake ya kiangazi. Ndani watoto wanazunguka juu ya barafu na visuruali vya kubana, mashavu mekundu, hawana khabari ya baridi. Mie nilikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika skuli ya wasichana, Bawshar. Barafu niliyokuwa nikiijua ni ile ya kwenye gilasi ya sharubati.

Aliyeniita ni Larisa, mwalimu wa kuteleza barafuni. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyetoka nchi za baridi akaja Maskati kwa mkataba mfupi, kisha akasahau kuondoka. Kiarabu chake kilikuwa cha vipande vipande, lakini kila kipande kilikuwa na makali. Alikwenda skuli kwetu kuuliza kama yupo mwalimu wa kike anayejua kumfundisha mtoto kuruka bila ya kumvunja, na mudira, mwalimu wetu mkuu, akanitaja mimi.

"Mie sijui kuteleza," nikamwambia.

"Kuteleza nnajua mimi," Larisa akasema. "Wewe nipe miguu."

Ndiyo kazi yenyewe hiyo, na nimeifanya mpaka nimestaafu mwezi uliopita. Nnaandika kwa ajili ya Hamida, aliyeshika nafasi yangu, na wenzake vijana. Vyeo na mishahara siviandiki, vilikuwepo, vikapita. Nnaandika yale ambayo mtu hayapati kwenye kozi.

Watu wa nje hudhani mtelezaji anajifunza kila kitu juu ya barafu. Barafu inakodiwa kwa saa, na watoto wanaoingoja ni wengi. Mruko unajengwa kwanza nchi kavu, na raba miguuni: kamba, makasha ya mbao ya kupandia na kushukia, kusimama kwa mguu mmoja juu ya taulo lililokunjwa na macho umefumba. Mtoto anaruka, anajizungusha hewani mikono kifuani, anatua kwa mguu mmoja, wa pili ameunyoosha nyuma. Hapo ndipo nilipokuwa nikipiga kelele siku nzima: "Shikilia! Shikilia mpaka nikwambie!" Kuruka kila mtoto anataka. Kutua ndiko kunakochosha.

Larisa alinilazimisha na mimi nivae viatu vya barafu. Nilianguka mbele ya wanafunzi wangu wote, nikaanguka tena nilipokuwa nnainuka. "Sasa unajua wanachokiogopa," akanambia, akanipa mkono. Hakunirejesha barafuni tena, Mungu amrehemu popote alipo. Yu hai, lakini dua haina hasara.

Mwanzoni tulifanyia mazoezi ukumbini, kwenye ujia wa kupitia wateja, na kila mteja alikuwa na ushauri wake. Kisha tukapata bohari la zamani la matairi kwenye mtaa wa magereji unaoitwa Ghala. Tukatandika mikeka ya mpira, tukatundika mapazia mazito mlangoni ili wasichana wavue abaya zao kwa raha. Harufu ya matairi haijatoka mpaka leo. Jirani yetu alikuwa Rafiq, fundi wa kuchomea vyuma, na nyundo yake ndiyo iliyokuwa ikitupigia mdundo wakati kinasa sauti kimeharibika.

Larisa alitaka kapi la kumning'inizia mtoto kwa mkanda wa kiunoni, ili ajifunze kuzunguka hewani bila ya khofu ya kuanguka. Nikamchorea Rafiq. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Hii ya kuinulia injini?"

"Ya kuinulia watoto."

Alipomaliza kulichomea lile kapi akatukataza tusiliguse, akajifunga mwenyewe mkanda, akajining'iniza na tumbo lake lote na kofia yake, akazungushwa na wasaidizi wake kama mishkaki. Alipotua akasema, "Sasa walete." Mpaka leo hakuna vifaa vya kununuliwa ninavyoviamini kama kile.

Muzna aliletwa kwetu na bibi yake akiwa bado ana mapengo mdomoni. Bibi huyo, Bi Zuweina, alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mama yangu. Nilimpenda kabla sijamwona mjukuu. "Nimekuletea panzi," akanambia. "Nyumbani kesha vunja vitanda."

Na kweli alikuwa panzi. Mwepesi, hana woga, akiambiwa mara moja anafanya. Miaka ikaenda, akawa ndiye mtoto wetu wa kupelekwa mashindanoni. Baba yake, Bwana Salim, alikuwa na duka la magari Wattaya, na nyuma ya meza yake alitundika picha ya Muzna yuko hewani, kubwa kuliko dirisha. Wateja walikuja kutazama gari wakaonyeshwa mtoto kwanza.

Kisha Muzna akarefuka. Ilikuwa kama amelala mtoto akaamka mlingoti. Nyinyi vijana mtaliona hili mara nyingi, na kila mara mtadhani mtoto amekuwa mvivu. Si mvivu. Mikono imekuwa mirefu, uzito umehama, mwili haumjui mwenyewe. Mruko uliokuwa wake jana, leo si wake. Alikuwa anakaribia kuupata ule mruko mgumu unaoitwa Akseli ya mizunguko miwili, na ukamponyoka wote. Akawa anaanguka, anainuka, anaanguka. Hakulia. Nilitamani alie.

Nilichokiona mimi kilikuwa kitu kidogo. Kila mtoto ana namna yake ya kuvaa soksi. Muzna tangu mdogo alikuwa akizivaa huku kasimama kwa mguu mmoja kama korongo, kwa kujigamba. Siku moja nikamwona amekaa chini, kaegemea ukuta, anauinua mguu wake kwa mikono miwili kama mzigo wa mtu mwengine.

Nikangoja wenzake watoke. "Simama kwa mguu mmoja. Jikunje nyuma kidogo, kama unapotua."

Akasimama. Akajikunja. Akazuia pumzi.

"Wapi?"

"Hapana kitu, Abla," akasema, kwa jina ambalo watoto wote humwita mwalimu wa kike.

"Muzna."

Akaonyesha chini ya mgongo, kwa kidole kimoja, pale pale. Maumivu ya uchovu mtoto huyaonyesha kwa kiganja kizima. Ya kidole kimoja nimejifunza kuyaogopa.

"Yameanza lini?"

"Siku nyingi." Kisha akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi. "Usimwambie Baba. Nimekwambia wewe peke yako. Mashindano yakisha ntapumzika, wallahi ntapumzika."

Nikampeleka nyumbani mwenyewe, kisha nikamrudia Larisa. Nilijua atasema nini, na akasema.

"Mashindano yamekaribia. Mwili unabadilika. Akikaa sasa, hatorudi."

"Na akivunjika?"

Larisa hakuwa mtu wa kukaa kazini. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona amekaa. Siku ile alikalia kasha la mbao. Akajipiga nyonga kwa kifundo cha kidole.

"Hii ya chuma," akasema. "Unajua? Nilikuwa na umri wake. Nikamwambia mwalimu wangu, nnaumwa. Akanambia, kila mtu anaumwa. Nikamshukuru."

"Ukamshukuru kwa nini?"

"Nilidhani amenihisabu mtu mzima."

Nje Rafiq alikuwa anagonga chuma chake. Larisa akainuka kwenye kasha, akasema, "Nenda kwa baba yake wewe. Mimi nikienda, ntabadilisha nia njiani."

Nikaenda Wattaya asubuhi. Bwana Salim alinipokea kwa furaha, akaagiza kahawa na tende, akaniuliza kama leo nimekuja kuchukua gari. Akanambia jamaa zao wanaoishi mji ule wa mashindano wameshajitayarisha, wanakuja ukoo mzima kumtazama. Nikamwachia amalize, maana furaha ya mtu huikati katikati.

"Muzna anaumwa mgongo," nikamwambia. "Asiruke tena mpaka daktari amwone."

"Anaumwa? Jana tumekula pamoja. Mbona hajanambia?"

Macho yangu yalikuwa yameshakwenda kwenye ile picha ukutani, sikufanya makusudi. Yeye akageuka kutazama nnachokitazama. Alibaki amegeuka hivyo muda, mgongo wake kwangu.

"Aliniomba nisikwambie," nikasema. "Aliniamini, na mie nimekuja kuivunja amana yake. Sasa usiniache nimeivunja bure."

Akamwita mfanyakazi wake, akamwambia alete funguo za gari.

Daktari aliona ufa mdogo kwenye pingili moja ya uti wa mgongo, chini kabisa. Ni ufa wa kurudia jambo moja kupita kiasi. Hakuna siku ya kuanguka unayoweza kuilaumu. Ungeziba akipumzika. Asipopumzika, daktari hakudhamini. Safari ikavunjwa, jamaa wakaambiwa wasije.

Nilipokwenda kumtazama nyumbani kwao Bawshar, Muzna alikuwa amelala amegeukia ukuta.

"Nilikwambia wewe peke yako," akasema.

"Nnajua."

"Basi sina la kukwambia tena, Abla."

Ningeweza kumweleza. Maneno nilikuwa nayo, mwalimu hakosi maneno. Lakini nilimwona mabega yake, nikaona hana nafasi ya kuyaweka. Nikamwambia mlango wa Ghala uko wazi, nikatoka. Kwenye gari nililia, mtu mzima, na injini inanguruma kwa ajili ya kiyoyozi.

Siku zikaenda. Hakuja. Nilikuwa nimempangia mazoezi ya kujengea mgongo, ya kulala na kupumua, ya kutambaa kama mtoto mchanga, na mazoezi yote yalikaa yanatusubiri mimi na yeye. Bwana Salim alisema hataki kutoka chumbani, hataki kuongea, chakula anakigusa tu. Akaniuliza afanye nini, na mie nilikuwa nataka kumuuliza yeye.

Kisha akanipigia simu Bi Zuweina.

"Thuraya, goti langu linanisumbua. Nnataka mazoezi."

"Bibi, mazoezi yangu ni ya watoto wa barafu."

"Nimekwambia nnataka kuruka? Nnataka kupanda ngazi yangu mwenyewe. Na ntakuja na Muzna anishike mkono. Dereva hafai, ananishika kama kikapu cha mayai."

Nikafahamu. Kwa sauti ya kawaida kabisa nikamwambia karibu.

Wakaja. Bi Zuweina ametinga gauni lake la dira na viatu vya mpira vipya, vyeupe kama meno. Muzna akamkalisha, akaenda kukaa pembeni kwenye mkeka na simu yake, hakunisalimu. Nikamfundisha bibi kukaa juu ya kasha na kuinuka, kukaa na kuinuka, mikono mbele. Kila akiinuka anataja jina la Mungu kwa sauti kubwa. Na kila akiinuka, goti linamwingilia ndani. Mpaka leo sijui kama alikuwa akifanya makusudi. Nilifungua mdomo nimsahihishe, akanitupia jicho moja tu, nikaufunga.

Akakaa, akainuka. Goti ndani. Akakaa, akainuka. Goti ndani zaidi.

"Bibi!" Muzna akasema kutoka pembeni. "Goti."

"Goti gani?"

"La kulia. Linaingia ndani. Lielekee kidole cha pili cha mguu."

"Kidole cha pili kiko wapi? Sijakiona tangu nimnyonyeshe baba yako."

Muzna akaweka simu chini. Akaja, akapiga magoti taratibu, mgongo kaunyoosha, akalishika goti la bibi yake kwa mikono miwili. "Hivi. Sasa inuka. Polepole. Usikimbilie juu." Bi Zuweina akainuka, goti limekaa sawa.

"Ah! Nani kakufunza haya?"

Muzna alikuwa bado anatazama lile goti. "Abla," akasema.

Hakunitazama siku ile, wala mie sikumsemesha. Lakini walipokuwa wanaondoka alisimama mlangoni na pazia mkononi, akaniuliza, bila ya kugeuka, kama yale mazoezi ya kulala na kupumua yanaumiza. Nikamwambia hayaumizi, yanachosha roho tu. Akasema, "Basi kesho."

Kuponya mgongo ni kazi isiyo na shangwe. Hakuna wa kukupigia makofi kwa kulala chali ukabana tumbo. Wenzake walikuwa wanaruka upande wa pili wa bohari, yeye anatambaa kwenye mkeka, na ubavuni mwake bibi yake anakaa na kuinuka juu ya kasha. Zilikuwepo siku za kutupa taulo ukutani. Ilikuwepo siku aliyoniuliza, "Kwa nini hukunifichia siri yangu?" na mie nikamwambia, "Kwa sababu nnataka uwe na mgongo utakapokuwa na wajukuu." Akafikiri, akasema hilo mbali mno. Nikasema ndiyo, kwa hivyo wewe hulioni, nnaliona mimi. Haikuwa jawabu ya kumridhisha. Lakini baada ya hapo alianza tena kunipa salamu akiingia, na kunipa salamu akitoka, na siku moja akanipa kipande cha mkate wa mofa kutoka kwa bibi yake, kimeliwa nusu njiani.

Daktari alipomruhusu akarejea barafuni, kwanza kuteleza tu, kisha miruko midogo. Sasa alikuwa na mwili wa mtu mzima na alijua kila kiungo kinafanya nini. Larisa alishangaa, akawa anasimama ukingoni mikono kifuani, ananong'ona kwa lugha yake. Ile Akseli ya mizunguko miwili ilirudi, lakini ilirudi na tabu. Siku moja ilitua, siku tatu haikutua, na kila isipotua Muzna aligusa mgongo.

Wiki chache kabla ya mashindano ya mwaka wa pili yake, tukiwa tumekaa watatu Ghala, Muzna akamwambia Larisa, "Nnautoa ule mruko. Ntafanya wa mzunguko mmoja."

"Nani kasema?" Larisa akauliza.

"Mgongo."

Nilidhani Larisa atafoka. Alicheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka mle ndani, kicheko kikavu kama kikohozi. "Huyo mwalimu mzuri," akasema. "Msikilize."

Nilisafiri nao. Bwana Salim alikaa safu moja na mimi, viti viwili mbali, na ukoo wake wote ukajaza safu za nyuma na mabiskuti yao. Muzna akaingia barafuni na vazi la kijani. Muziki ukaanza, na mie nikaacha kusikia muziki. Nilikuwa nnasikia visu vya viatu tu, kila anapotua. Aliruka ule mruko wa mzunguko mmoja, mkubwa, mpana, akatua, mguu nyuma, mikono imekunjuka, akashikilia. Akashikilia kana kwamba anangoja mtu amwambie basi.

Hakushinda. Alikuwa katikati ya wengi, mbele ya baadhi, nyuma ya baadhi. Nilimtazama Bwana Salim, maana nilikuwa nnamwogopa yeye kuliko waamuzi. Alikuwa amekishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Haumwi?" akaniuliza.

"Haumwi."

"Una hakika?"

"Nna hakika. Mtazame anavyoinama kwa watazamaji."

Akamtazama. Muzna aliinama mpaka chini, akanyanyuka kwa wepesi, akapunga mkono. Bwana Salim akajifuta macho kwa ncha ya kilemba chake cha masari, mbele ya ukoo wake mzima, akasema, kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwa akiisema ila na mama yake, "Alhamdulillahi, mwanangu mzima."

Muzna aliteleza misimu michache zaidi, kisha akaenda chuo kikuu, na sasa miguuni anavaa viatu vya watu wa kawaida. Bi Zuweina ametangulia mbele ya haki, amezikwa na goti lake zima. Larisa alirudi kwao mwishowe, na kila Idi hunitumia ujumbe wa sauti wa Kiarabu kile kile cha vipande. Rafiq amemwachia mwanawe gereji.

Imebaki kuielezea siku yangu ya mwisho Ghala. Waliniletea keki, wakanikalisha kwenye kiti kama bibi harusi, wakanikataza nisifanye kazi. Hamida alikuwa ndiye anayefundisha. Katikati ya mazoezi, kitoto kimoja kipya, Shahd, kikatoka kwenye mstari, kikasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Abla, kisigino kinaniuma. Kimeanza jana."

Niliinuka nusu. Kisha nikaona hakusema na mimi.

Hamida akazima muziki, akamkalisha kwenye mkeka, akakishika kisigino na kukibonyeza polepole, akamwambia amefanya vizuri kusema. Wenzake hawakucheka, hata kumtazama hawakumtazama. Wakaenda kunywa maji yao. Ilikuwa ni jambo la kawaida kabisa.

Nikakaa tena, nikamaliza keki yangu.